Kwa nini kitufe kimoja cha oveni huvitia uziwi vitufe vyote?

Je, wajua kwamba kitufe cha oveni kinachogoma mara nyingi sicho kilichokwama? Mimi kwa miaka mingi niliamini kinyume chake. Kitufe kikikataa, nilidhani kimeziba kwa unga au mafuta, na dawa yake ni kukibonyeza kwa nguvu mpaka kiachie. Jirani yangu hapa Kampala, anayeoka keki za kwanjula, sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, aliniita Ijumaa moja jioni. Oveni yake ya umeme ilikuwa inalia pii, pii, pii, na kitufe cha kuwashia hakisikii. "Kaka, hebu jaribu wewe, labda mimi sina nguvu," akaniambia. Nikabonyeza kwa kidole gumba, kisha kwa mpini wa kijiko. Mwisho nikanyunyizia paneli dawa ya kusafishia vioo. Yote matatu yalikuwa makosa, na hilo la mwisho ndilo baya zaidi.

Linalotupotosha ni neno lenyewe, kukwama. Tukilisikia tunaona kitu kilichozama kisirudi, kama kitasa kibovu. Lakini paneli nyingi za oveni za siku hizi hazina kitufe cha namna hiyo wala springi. Ukipapasa uso wake unakuta plastiki laini isiyo na mwanya. Chini yake kuna karatasi mbili za plastiki zilizochapwa mistari ya wino wenye fedha, madini yale yale ya pete, na katikati karatasi ya tatu yenye matundu. Nafasi kati ya mistari haifiki nusu milimita. Ukibonyeza, karatasi ya juu hubonyea kupitia tundu, mistari ikagusana, umeme mdogo ukapita. Kwa hiyo kitufe kinaweza kuonekana kizima kabisa, kikabonyea na kurudi vizuri, kumbe ndani mistari yake imegusana tangu jana.

Sasa kimoja kinawezaje kuvinyamazisha vyote? Chukua vyumba vya kupanga vya Kampala, vile tunavyoviita mizigo, vimejipanga safu kwa safu, na askari mmoja wa zamu. Anapita kila mlango akiuliza, "Unaita?" Kwenye oveni, askari huyo ni chipu, kile kipande kidogo cha kielektroniki kinachoiongoza, na mzunguko wake anaurudia mara nyingi kwa sekunde moja. Milango karibu yote iko kimya. Ukiitika mmoja, anapokea agizo na kungoja unyamaze. Kidole cha mtu hukaa juu ya kitufe sekunde moja, mbili, labda tano. Mlango mmoja ukiita bila kupumua kwa muda mrefu, chipu iliyopangwa vizuri inaamua kwamba aliyeko pale si mtu. Hapo inafunga masikio, inapiga kengele na kuandika alama ya hitilafu, mara nyingi herufi F au E ikifuatwa na namba. Mimi naona hilo ni jambo la busara sana: mashine inayoweza kufika nyuzi 250 haifai kutii agizo lisilo na mwenyewe. Alama hizo hazifanani kwa watengenezaji wote, basi usiazime maana kutoka oveni ya mtu mwingine. Soma kijitabu cha ya kwako.

Na mistari hugusanaje bila kidole? Hapa ndipo pananishangaza mpaka leo. Fedha ikipata unyevu huku umeme mdogo ukiisukuma upande mmoja, chembe zake huhama. Hutoka kwenye mstari mmoja zikaota vitawi vyembamba kama mizizi, mpaka vikaufikia mstari wa jirani. Watengenezaji wanalijua hilo, na wengi huifunika fedha kwa wino wa kaboni. Unyevu wenyewe hutoka kwenye mvuke wa keki, kitambaa kilicholowa chepechepe, na dawa kama ile niliyonyunyizia mimi.

Joto nalo huchangia. Oveni nyingi za kujengewa kabatini zina feni ya kupoza paneli, ambayo huendelea kuzunguka hata ukishazima. Umeme ukikatika keki ikiwa ndani, feni inasimama na joto linapanda kwenye paneli, gundi inaweza kulegea na karatasi zikakaribiana. Ikitokea hivyo, usiuache mlango nusu wazi, maana hewa moto itapanda moja kwa moja kwenye vitufe.

Kabla ya kulaumu kitufe, angalia kama kufuli ya watoto imewashwa. Mara nyingi ni alama ya ufunguo inayoshikiliwa sekunde chache. Angalia na saa pia, kwa sababu oveni nyingi hazipashi moto baada ya umeme kurudi mpaka uiweke upya.

Kama si hayo, zima oveni kwenye breka, yaani swichi inayokata umeme wake wote, kwa kuwa ndani kuna volti 240. Ngoja dakika kama tano kisha uwashe, chipu ianze upya. Ikilia tena, izime na uiache ikauke hata siku nzima. Kitambaa cha kufutia kikamuliwe kwanza, na dawa iwekwe kwenye kitambaa, kamwe isimwagwe kwenye paneli. Oveni ya kioo cha kugusa haina karatasi hizi. Kwake maji au mafuta juu ya kioo yanaweza kuhesabiwa kuwa kidole, na kukausha hutosha mara nyingi.

Ikishindikana, ni kazi ya fundi. Umeme ukiwa umezimwa, anachomoa utepe wa nyaya unaotoka kwenye vitufe, kisha anawasha. Kelele ikikoma, kosa ni la vitufe. Ikiendelea, huenda ni la bodi, ubao wa umeme unaobeba chipu, ingawa oveni nyingine hulalamika pia zikikosa utepe.

Kwa jirani yangu kelele ilikoma. Fundi akabandua karatasi zile, akazielekeza kwenye mwanga wa dirisha na kutuonyesha doa la kijivu dogo kuliko punje ya simsim, katikati ya mistari miwili. Lilikuwa chini ya kitufe cha saa, juu tu ya tundu la mvuke. Kile cha kuwashia, nilichokigonga kwa mpini wa kijiko, kilikuwa kizima.