Redwudi haina mzizi wa kwenda kuzimu

Ukisimama chini ya redwudi, kwenye pwani ya kaskazini ya California, ni rahisi kuamini kwamba mti mrefu hivyo una mzizi mkuu uliozama ardhini kama nguzo. Hauna. Redwudi iliyokomaa inaweza kupita mita 100, lakini mizizi yake kwa kawaida haizidi mita 4 kwenda chini. Hutambaa kando, hata mita 30 kutoka shinani, ikasukana na ya majirani. Kwa hiyo miti hii hushikana. Ule uliobaki peke yake baada ya wenzake kukatwa huangushwa na upepo kwa urahisi zaidi.

Inama utazame chini. Utaona oksalisi, mmea wa majani matatu yenye umbo la moyo, ambayo hujikunja kama mwavuli miale ya jua ikiyapiga. Ukungu wa bahari unadondoka kutoka matawini na kuinywesha mimea hii pamoja na mizizi ya juujuu. Nyayo zetu huugandamiza udongo unaoishikilia mizizi hiyo na kuiumiza. Ndiyo maana mwaka 2022 Hifadhi ya Taifa ya Redwood ilifunga eneo la Hyperion, mti mrefu kuliko yote inayojulikana duniani. Tafadhali, usitoke njiani.