Gemifikesheni katika kozi za mtandaoni ni nini?

Gemifikesheni ni kuchukua vitu vinavyomfanya mtu asichoke na mchezo, kama pointi, ngazi, beji na majibu ya papo hapo, na kuvitia katika shughuli ambayo si mchezo. Maelezo haya yalishika tangu 2011, mtafiti Sebastian Deterding na wenzake walipoyaandika. Kozi ya mtandaoni iliyotungwa hivyo haigeuki mchezo. Somo ni lile lile, njia ya kulipita ndiyo inayobadilika.

Wengi huishia kwenye beji. Kurasa za kusoma zinabaki kama zilivyo, ila mwisho wa kila sura unatunukiwa nyota. Kwangu mimi kazi hapo haijaanza. Mcheza bao pale Jaws Corner, Mji Mkongwe Unguja, hapewi nyota na mtu, na bado adhana ndiyo inayomwinua barazani. Kinachomshika ni kwamba kila kete anayoitia ina matokeo anayoyaona pale pale, mpinzani anamzidi kidogo tu, na akifungwa bao linapangwa upya. Tena kuna hatua: kwanza namua, yaani kuingiza kete za mkononi, nazo zikiisha ndipo mtaji, kucheza na zilizomo baoni tu.

Chukua kozi ya usalama wa chakula kwa wapishi wa hoteli, tuseme Nungwi. Badala ya kumsomea kanuni, inamwonyesha mpishi jodari aliyeletwa saa nne asubuhi, barafu imeshayeyuka kitambo, na wageni wanakula saa saba. Afanye nini? Akichagua kumpika sana, mgeni anaiva uso na kuwashwa mwili, kwa sababu histamini inayojijenga kwenye jodari aliyekaa na joto haiondoki kwa moto. Anaelezwa kosa liko wapi, anarudi hatua moja nyuma, anajaribu tena. Hata bila pointi, ameshaelewa kwa nini samaki yule alitakiwa akae chini ya nyuzi 5 za Selsiasi.

Ninachokihofia ni jedwali la washindi. Mwalimu wa Micheweni, Pemba, anayesoma kozi na kuishiwa bando ataonekana wa mwisho, ilhali alichokosa ni mtandao. Zawadi nazo zina hatari yake. Mwaka 1973, huko Marekani, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake waliwaahidi cheti watoto waliopenda kuchora. Baadaye watoto hao wakachora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu.

Bora mtu alinganishwe na alivyokuwa wiki iliyopita, na kozi iweze kupakuliwa. Programu ya simu ya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, inaruhusu huko kupakua, mtunzi akikubali: unajibu maswali bila intaneti, na majibu yanatumwa mtandao ukirudi.