Ugali Ukiiva, Sumukuvu Bado Imo

"Lakini si tunaupika?" Ndilo jibu ninalopewa kila nikimwambia mtu kwamba sampuli yake ya mahindi imezidi kiwango cha sumukuvu. Wakulima hunijibu hivyo, mama lishe hivyohivyo, na majuzi kanijibu vivyo mtu mwenye shahada ya pili. Nimechoka kulieleza kwenye simu.

Kupika hakuondoi sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu. Kuvu mwenyewe, Aspergillus flavus, hufa mapema tu, hata kabla maji hayajachemka. Kinachobaki ni aflatoksini aliyoitengeneza alipokuwa hai, nayo ni kemikali, haina roho ya kutoka. Inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 230 za Selsiasi ili ianze kuvunjika vya kutosha. Maji ya ugali huchemka kwenye 100, na ukiwa juu milimani kama Makete hayafiki hata hapo. Unachofanya jikoni ni kumuua nyoka aliyekwisha kukuuma. Kukaanga karanga hupunguza kiasi fulani, sikatai, ila kinachobaki ndicho unachokila.

Anayeendelea kubisha namkumbusha mwaka 2004. Mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Macho ya njano, tumbo kujaa, ini limeharibika. Watu wale hawakuwa wakitafuna mahindi makavu. Walikula chakula kilichopikwa kikaiva, kama tunavyokula sote, na sufuria haikuwasaidia kitu.

Kuna wanaoniambia wamekula mahindi hayohayo miaka yote na hawajafa. Vifo vya ghafla hutokana na kiwango kikubwa sana. Kiwango kidogo cha kila siku hufanya kazi taratibu ndani ya ini hadi saratani, na kwa mwenye virusi vya hepatitisi B hatari hiyo inaweza kupanda hadi mara 30 hivi. Huko hakuna anayekumbuka gunia la mwaka gani.

Wakishindwa hapo huja na la pili: basi tutakoboa, tule sembe. Hili nalikubali nusu. Sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, kwa hiyo sembe kweli huwa na afadhali kuliko dona ya mahindi yaleyale. Sasa niambie, pumba zinakwenda wapi? Kwa kuku na ng'ombe wako. Ini la ng'ombe hugeuza aflatoksini ya aina ya B1 kuwa aina ya M1, nayo hutokea kwenye maziwa unayompa mtoto, na ukiyachemsha maziwa hayo tunarudi palepale tulipoanza. Wanaodhani mnyama hadhuriki wajue kwamba sayansi iliijua sumu hii kwa sababu ya mifugo: mwaka 1960 Uingereza ilipoteza bata mzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Na mahindi yaliyooza kuuziwa mpika pombe sitaki hata kuyazungumzia.

"Mahindi yangu hayana ukungu, yaangalie." Jicho halipimi mikrogramu 10 kwa kilo, na hicho ndicho kikomo cha Afrika Mashariki. Hata hivyo punje chache tu ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu, na hapo ungo unafanya kazi ambayo moto hauwezi. Toa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi. Zitupe kabisa, usiwape kuku.

Wengine wanalaumu ghala peke yake. Kuvu huyu makao yake ni udongoni na kwenye mabaki ya mazao. Ukame ukipiga mahindi yakiwa yanajaza punje, na funza wakatoboa gunzi, keshaingia kabla hujavuna. Ghala bovu humwendelezea tu.

Hapo mtu hurukia kusema tumwage dawa tuue kuvu wote wa shambani. Hili linaniuma, maana nimeitoa kazi yangu yote kwa kuvu. Mikoriza, kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya mahindi hayohayo ndio wanaoyaletea fosforasi, kirutubisho ambacho mizizi isingekifikia. Hata ndani ya Aspergillus flavus wamo wasiotengeneza sumu kabisa, na hao tunawatumia. Hupakwa kwenye punje za mtama zilizokaangwa zisiote, zikatawanywa shambani kilo 10 kwa hekta, udongo ukiwa na unyevu, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua. Wanawahi nafasi, wenye sumu wanakosa pa kukaa. Bidhaa hiyo, Aflasafe TZ01, ilisajiliwa Tanzania mwaka 2018. Muulize afisa ugani wako kabla hujanunua dawa ya kuua ukungu.

Udongo wa kula, eti hunyonya sumu tumboni? Bentonaiti, aina moja ya udongo, hunasa aflatoksini katikati ya matabaka yake, ndiyo maana huchanganywa kwa vipimo kwenye chakula cha mifugo. Kaolini, aina nyingine, karibu hainasi chochote. Ule wa sokoni hujui ni upi, na unaweza kuwa na madini ya risasi.

Ukitaka kufanya jambo moja tu msimu huu, kausha, tena juu ya turubai, si juu ya ardhi. Kipimo hakina gharama: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia punje hadi robo na chumvi kavu kijiko kimoja, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15, na mimi nataka 13, kwa hiyo yaache juani siku moja zaidi ndipo uyatie kwenye mfuko usiopitisha hewa.