Je, wajua kwa nini mtoto hupewa dawa ya kuongeza damu na damu isipande?

Mtoto wa miaka miwili, tumbo limetuna, mapaja yamesinyaa, choo kingi chenye harufu kali. Ameshapewa dawa ya minyoo na dawa ya kuongeza damu, na bado amepauka. Nyumbani wanasema kijicho. Daktari wa Unguja au Pemba atafikiria kwanza minyoo, lishe duni na selimundu. Yuko sahihi, kwani hayo ndiyo mengi. Kasoro huja pale majibu yote yakitoka safi na hakuna anayeuliza kuhusu seliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano.

Mimi mwenyewe niliamini kuwa seliaki ni ugonjwa wa Wazungu. Nilikosea. Mwaka 1999 ilichapishwa taarifa ya watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi: zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao, wakati Ulaya ni kama mmoja katika 100. Kaskazini ya India, kwenye walaji wakubwa wa chapati, nako umo. Unachohitaji ugonjwa huu ni vinasaba vya kurithi na ngano, na ngano sisi tunaila: boflo asubuhi, maandazi, sambusa, bokoboko la Sikukuu, hata unga unaozitisha urojo. Wala si mzio kama wa mtu anayekula kamba akawashwa. Hapa kinga ya mwili hugeuka kuushambulia utumbo wenyewe.

Inakuwaje? Chukua nazi na mbuzi. Nyama ya nazi hukunika yote, lakini kipande kigumu huteleza kikabaki. Protini ya ngano iitwayo gluteni ndivyo ilivyo: tumbo huikuna, vipande virefu vikabaki. Kimeng'enya kimoja cha mwilini hukibadilisha kidogo kipande hicho, kama fundi anayeuchonga ufunguo, kikaingia barabara kwenye kitasa ambacho wenye vinasaba vile tu ndio wanacho. Kitasa kikifunguka, askari wa kinga huamka.

Wanachokiharibu ni vinyweleo vya utumbo. Taulo jipya lina nyuzi zilizosimama, na hizo ndizo zinazonywa maji. Zikinyolewa, kitambaa ni kile kile lakini maji hupita juu. Madini ya chuma hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na hapo ndipo uharibifu unapokuwa mkubwa zaidi. Dawa ya damu inamezwa, inapita, inatoka.

Tahadhari: jiadia (kijidudu cha utumboni) na maambukizi ya muda mrefu nayo huvinyoa vinyweleo hivyo, kwa hiyo kipande cha utumbo kilichokatwa kupimwa peke yake hakitoshi kuhukumia. Huanza kipimo cha damu cha kingamwili, na mtoto awe bado anakula ngano. Mzazi akiiondoa mapema, kipimo huweza kudanganya. Tena si kila mgonjwa amekonda. Wapo wanaofunga choo, na wapo ambao dalili yao pekee ni ufupi.

Dawa ni kuacha ngano, shayiri na rai (nafaka jamaa ya ngano) maisha yote. Kwetu mbadala upo: wali, muhogo, ndizi, vitumbua, mkate wa kumimina wa mchele, mofa ya mtama mtupu. Ila huo mtama ukiupeleka mashineni, muulize msagaji kabla yako amesaga nini. Vumbi la ngano lililobaki mle linatosha kumrudisha mtoto alikotoka.