Uzito na kasi ya risasi kwenye shabaha ya mbali: dhana potofu na ukweli wake

Mashindano ya Palma, ya kulenga shabaha kwa bunduki, yalianza mwaka 1876 katika uwanja wa Creedmoor, New York. Hadi leo walengaji wake hupiga kutoka yadi 800, 900 na 1,000. Yadi 1,000 ni mita 914, na risasi ya .308 (aina ya risasi yenye kipenyo cha inchi 0.308) huchukua sekunde moja na nusu hivi, au zaidi, kufika huko. Muda huo unamtosha upepo kuharibu hesabu ya mtu, na ndiyo maana mabishano kuhusu uzito na kasi hayaishi. Mengi yamejengwa juu ya imani zisizo sahihi.

Dhana: Risasi yenye kasi zaidi ndiyo inayosukumwa kidogo na upepo.

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote, na si uongo mtupu. Lakini kinachompa upepo nafasi ni kule kucheleweshwa kwa risasi na hewa. Chukua muda halisi wa safari, toa muda ambao risasi ingetumia kama kusingekuwa na hewa, kisha zidisha kwa kasi ya upepo unaovuma kutoka ubavuni. Hapo umepata umbali itakaosukumwa pembeni. Risasi ya greni 175 (greni ni kipimo cha uzito; hizo ni gramu 11.3) ikitoka mtutuni kwa mita 790 kwa sekunde ingefika yadi 1,000 kwa sekunde 1.16 pasipo hewa. Hewani hutumia karibu sekunde 1.7. Imechelewa zaidi ya nusu sekunde, basi upepo wa mita 4 kwa sekunde utaipeleka pembeni zaidi ya mita 2.

Asiyeamini aitazame risasi ndogo ya .22. Inayotoka kwa mita 380 kwa sekunde husukumwa na upepo zaidi, kwa yadi 100, kuliko inayotoka kwa mita 325. Ile ya kwanza imeuvuka mwendo wa sauti, ambao ni karibu mita 340 kwa sekunde, na huko hewa huikaba vibaya mno. Hiyo ni sababu mojawapo ya risasi za mashindano za .22 kutengenezwa ziwe chini ya mwendo wa sauti.

Dhana: Nzito huanguka upesi, nyepesi hupaa kwanza.

Mvutano wa dunia haubagui uzito. Wala hakuna risasi inayopaa yenyewe: mtutu umeinuliwa kidogo kuliko mstari wa jicho, basi.

Dhana: Kwa umbali mrefu, chukua nzito kuliko zote.

Uzito husaidia ukija pamoja na umbo refu, jembamba, lililochongwa vizuri. Sierra MatchKing, risasi ya .308 ya greni 168, ilibuniwa kwa mashindano ya mita 300, na huko ilijijengea jina. Tako lake, yaani sehemu ya nyuma, lina mteremko wa nyuzi 13. Kasi yake inaposhuka kukaribia ile ya sauti huanza kuyumba, na kwa yadi 1,000 wapo waliokuta matundu ya ubavu kwenye karatasi, yaani risasi ilifika ikiwa imelala kiubavu. Ile ya greni 175 ina tako la nyuzi 9 na hupita eneo hilo kwa utulivu. Tofauti ya uzito kati ya hizo mbili haifiki hata nusu gramu.

Kwenye Palma penyewe hutumika greni 155, nyepesi kuliko zote mbili, kwenye mitutu mirefu inayoirusha karibu mita 900 kwa sekunde. Kisha kuna 6.5 Creedmoor, aina nyingine ya risasi, iliyotoka mwaka 2007. Risasi yake ya greni 140 ni nyepesi zaidi, ila ni nyembamba na ndefu, na upepo huisogeza kidogo kuliko 168 au 175 za .308.

Urefu huo una masharti. Risasi ndefu hudai mtutu wenye msokoto wa haraka, yaani mifereji ya ndani inayoizungusha risasi ijipinde upesi zaidi. Mwanahisabati Mwingereza George Greenhill aliandika kanuni ya kukadiria msokoto huo mwaka 1879 akitumia urefu na kipenyo cha risasi. M16A1, bunduki ya jeshi la Marekani, ilikuwa na mzunguko mmoja kwa kila inchi 12, ukaitosha risasi ya greni 55. Ukiweka ya greni 80 kwenye mtutu kama huo, itabiringika hewani. Kwa hiyo soma msokoto wa mtutu wako kabla ya kufungua pochi.

Dhana: Ongeza kasi hadi pale bunduki itakapokubali.

Mimi ningetoa mita 20 za kasi bila kusita ili nipate risasi zinazofanana. Kwa .308, tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi mbili huzitenganisha kwa takriban sentimita 30, juu na chini, zikifika yadi 1,000. Duara la alama 10 la F-Class ya Marekani (mashindano ya kulenga mbali kwa bunduki iliyoegemezwa) kwa umbali huo lina upana wa inchi 10, yaani sentimita 25. Hata ukilenga bila kosa, hizo mbili haziwezi kukutana katikati yake. Tena kulazimisha kasi ni kupandisha mgandamizo wa gesi ndani ya bunduki, karibu na uso wako.

Dhana: Namba za kasi zilizoandikwa kwenye boksi la risasi zinatosha.

Namba hizo zilipimwa kwa mtutu wa mtengenezaji, na mara nyingi ni mrefu kuliko wako. Pima kwa bunduki yako mwenyewe. Hewa nayo ihesabiwe: Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko Mombasa. Jedwali la kurekebisha ulengaji lililotengenezwa kwa usawa wa bahari litakufanya upige juu ya shabaha.