Mate hayali meno, jamani

Wiki hii huyu mgonjwa wa tatu. Kakaa kwenye kiti, gego la chini limetoboka mpaka ndani unaona giza, na kabla sijashika hata kioo ananiambia, "Dokta, mimi tatizo langu mate. Yana vimeng'enya vikali vinakula meno. Hakuna dawa ya kuyapunguza?" Kaona video. Wale wa mdudu wa jino nimeshawazoea, wanataka tu umtoe wamuone kwa macho, unawaeleza yanaisha. Huyu wa vimeng'enya, yaani zile kemikali za mwili zinazovunja vitu kama chakula, ndo ananitoa jasho, maana nusu ya maneno yake ni kweli.

Mate yana kimeng'enya kinaitwa amilesi, kazi yake kukata wanga uwe sukari. Tafuna tonge la ugali bila mboga, usimeze, kaa nalo, taratibu linaanza utamu. Ile ni maltosi. Bakteria wa kwenye ukoga wanaila, wanatoa asidi, pH, yaani kipimo cha uasidi (ikishuka, asidi imezidi), ikifika chini ya kama 5.5 enameli, lile gamba gumu la nje la jino, inaanza kupoteza madini, basi. Lakini amilesi yenyewe jino hailigusi! Enameli kwa uzito karibu asilimia 96 ni madini, na amilesi inajua kukata wanga tu, sasa kwenye madini itakata nini? Ni kumpeleka kinyozi akapasue kokoto.

Na ubishi huu wa zamani. Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyekuwa Berlin miaka ya 1880, aliweka meno yaliyong'olewa kwenye mate na mkate, kwenye joto la mwili, yakapoteza madini. Akaweka mate na nyama, hamna kitu. Akayachemsha mate kwanza, hamna kitu. Hapo watu wa vimeng'enya wanaruka, si unaona, kavichemsha vimekufa! Sawa, ila bakteria nao wamechemka humo humo, kwa hiyo hilo peke yake halimalizi kesi. Kesi ilimalizwa na panya, 1954: wakafugwa bila bakteria hata mmoja, wakalishwa chakula chenye sukari tele, mate wanayo kama panya yeyote, na meno hayakutoboka.

Sasa kinachonikera zaidi ni hii sentensi, "mimi vitu vitamu sili." Ukimbana anakula krispi, kutwa nzima, kamoja kamoja, halafu zinamganda kwenye mashimo ya magego na amilesi inaendelea kuzisaga pale pale alipoziacha, yaani kajijengea kiwanda cha sukari mdomoni na yeye anahesabu hajala kitamu. Wanga mbichi amilesi inahangaika nao, ila uliopikwa, ukasagwa laini, ukakaangwa, ni mteremko. Ukiuchanganya na sukari ndo balaa, kama andazi au biskuti, wanga unagandisha, sukari inafanya kazi haraka. Na msinielewe vibaya! Kuna mama niliwahi kumweleza haya akaenda akaacha ugali, soda akabaki nayo. Ugali unaoliwa mezani mara mbili kwa siku, ukamezwa ukaisha, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kula kidogo kidogo bila kupumzika, maana kila ukila pH inashuka, na mate yanahitaji nusu saa hivi au zaidi kuirudisha, wewe hujayapa hata hiyo nusu saa ushatia kingine.

Hapa nikiri jambo. Asidi ikishapita enameli ikafika kwenye dentini, tabaka la ndani yake, kuna kolajeni kule, na kolajeni ni protini, hiyo kweli kuna vimeng'enya vinaikata, vingine vimo kwenye mate na vingine vilikuwa vimelala ndani ya dentini yenyewe, asidi ndo inaviamsha. Kwa hiyo mgonjwa wangu kwenye hatua hiyo ana hoja, ila kaiweka mwanzo wa hadithi wakati inakuja katikati. Na amilesi nayo haieleweki ni ya upande gani: ikiwa inaelea kwenye mate inawashika baadhi ya bakteria wanamezwa nayo, ikiwa imeganda kwenye jino hao hao wanaitumia kama ngazi ya kupandia. Ukiniuliza mwenye amilesi nyingi ana bahati au ana mkosi, siku ya Jumatatu nakupa jibu moja, Ijumaa lingine.

Ila dawa ya kupunguza mate, hapana. Zipo nyingi tu, zingine za mzio, zingine za presha, zinakausha mdomo kama athari ya pembeni, na wanaozimeza miaka ndo hao ninaowaziba meno kila mara. Waliopigwa mionzi ya saratani ya kichwa na shingo tezi za mate zikaharibika, meno yao yanaoza haraka mpaka shingoni mwa jino, sehemu ambayo kwa mtu wa kawaida haiozi hovyo. Usiku ukilala mate yanakauka karibu yote, ndo maana biskuti ya saa nne usiku inaniudhi kuliko ya saa nne asubuhi.

Gego nimeliziba. Mate nimemwachia.