Yves Congar na swali la jirani yangu wa Shangani

Jirani yangu wa Shangani, hapa Zanzibar, maalim aliyesomesha chuo cha Kurani hadi uzeeni, aliniuliza jioni moja tukiwa barazani: "Mwalimu, wazee wenu pale kanisani Minara Miwili wakisali Kilatini, nyinyi leo mnasali Kiswahili. Dini ya Mungu inabadilishwa?" Nimefundisha historia ya taalimungu, yaani elimu juu ya Mungu na imani, miaka mingi, na sijapata mwanafunzi aliyeliuliza jambo hilo wazi kiasi hicho.

Jibu la mkato ni kwamba Kilatini nacho kiliingia baadaye. Wakristo wa Roma katika karne za mwanzo walisali Kigiriki, kisha wakahamia Kilatini kwa kuwa ndiyo lugha waliyokuwa wakiisema watu. Maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki la dunia nzima, walipoifungulia mlango lugha ya kila taifa, tarehe 4 Desemba 1963, kura za kuafiki zilikuwa 2147 na za kukataa 4 tu.

Jibu refu linampitia Yves Congar, mtaalimungu wa Ufaransa na mtawa wa shirika la Wadominikani, aliyezaliwa mwaka 1904. Mwaka 1950 alitoa kitabu juu ya mageuzi ya kweli na ya uongo ndani ya Kanisa, akashikilia kwamba anayetaka kulirekebisha Kanisa hana budi kutanguliza upendo na mahitaji ya waamini, asijitenge na jumuiya, awe na subira, na marekebisho yake yachimbuke katika Maandiko, Mababa wa Kanisa (walimu wake wa karne za mwanzo) na liturujia, yaani ibada, ya kale. Mtu wa Mji Mkongwe ataelewa upesi: ukuta wa mawe na chokaa ukiukandika saruji, unapendeza kwa muda, lakini unyevu hufungika ndani na ukuta ukaanza kumong'onyoka, ndiyo maana fundi anayezijua nyumba hizi hurudia chokaa ileile.

Subira aliyoihubiri aliilipia mwenyewe. Mwaka 1952 wakubwa wa Kanisa walikizuia kitabu kisichapwe tena na kutafsiriwa, na mwaka 1954 aliondolewa katika kufundisha, akapelekwa Yerusalemu, kisha Roma, kisha Cambridge. Henri de Lubac, mtaalimungu Mfaransa wa shirika la Wajesuiti, alikuwa amekwisha kuondolewa darasani Lyon mwaka 1950, na kitabu cha Marie-Dominique Chenu, mwalimu wa Congar, kilitiwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1942. Karl Rahner, Mjesuiti wa Ujerumani, naye alitakiwa mwaka 1962 asichapishe neno kabla halijakaguliwa Roma. (Rahner namheshimu, ila sentensi zake ni vichochoro: unaingia Shangani, unatokea Darajani, hukumbuki ulipita wapi.)

Mambo yaligeuka kwa Papa Yohane XXIII, ambaye alikuwa balozi wa Papa mjini Paris kitabu cha Congar kilipotoka. Mwaka 1960 Congar na de Lubac waliitwa kuwa washauri wa maandalizi ya Mtaguso. Alama yao naiona zaidi katika mpangilio wa hati ya Mtaguso juu ya Kanisa, ya mwaka 1964: sura ya Taifa la Mungu, yaani wabatizwa wote, imetangulia, na sura ya maaskofu ikafuata. Kwangu mimi mpangilio huo una uzito kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Nilimsomea maalim pia aya ya 3 ya tamko la Mtaguso juu ya dini zisizo za Kikristo, la tarehe 28 Oktoba 1965, ambayo ilipitia mikononi mwa Georges Anawati, Mdominikani wa Misri aliyekuwa mfamasia kabla ya kuingia utawani, na ambaye Chenu ndiye aliyemhimiza aingie katika elimu ya Uislamu. Aya inawataja Waislamu kwa heshima, kuwa wanamwabudu Mungu mmoja, Mwenye rehema, wanamheshimu Yesu kama nabii na Mariamu mama yake, na wanathamini sala, zaka na funga.

Maalim aliniomba niirudie. Kisha akasema, "Mtume hamkumtaja."

Alikuwa ameona sawasawa. Aya haimtaji Mtume wala Kurani. Inaishia pale ambapo maaskofu 2221 waliweza kukubaliana, na 88 hata hapo hawakufika.